Mtu wa Kipindi cha Kwanza

Watu wa Thika walitucheka kabla hatujafunga hata kikapu kimoja. Wasichana wa shule ya misheni walikuwa na mchezo wao wa kurusha mpira kwenye pete, kwa hiyo siku bwana maendeleo aliposimamisha milingoti miwili nyuma ya ukumbi wa jamii na kuangika pete za chuma, kila mpita njia alijua maana yake: wanaume wazima wa kiwanda cha ngozi sasa wanataka kucheza mchezo wa wasichana. Mama mmoja aliyeuza viazi vitamu karibu na hapo alituuliza kama sketi zetu zimeshashonwa. Mimi sipendi kuchekwa. Sikupenda wakati ule na sipendi leo, na nadhani niliingia katika klabu ile ya mpira wa kikapu kwa hasira zaidi kuliko kwa mapenzi ya mchezo.

Rafiki yangu aliingia kwa sababu niliingia mimi. Kiwandani tulifanya kazi wawili wawili. Ngozi ya ng'ombe ikitoka kwenye pipa la maji ya magome ya miti ya miwati huwa nzito ajabu, na njia ya kuitundika juu ya boriti ni watu wawili kushika huku na huku, kuibembeza, kisha kuirusha kwa pamoja. Mmoja akichelewa, ngozi inawarudia wote usoni, na harufu yake haitoki kwa sabuni ya aina yoyote. Mimi ni mrefu na yeye alikuwa mfupi, mwepesi, mwenye miguu isiyotulia. Ilinibidi nishushe upande wangu mpaka usawa wa kifua chake ndipo turushe. Baada ya miezi michache sikuwa nafikiri tena. Mikono ilishuka yenyewe.

Uwanjani ikawa hivyo hivyo. Bwana maendeleo, ambaye ndiye aliyekuwa kocha wetu, alitufundisha kutazama kabla ya kutoa pasi, lakini sisi wawili hatukuhitaji kutazama. Nilijua alipo. Nilimshushia mpira usawa wa kifua, naye alikuwa ameshapita katikati ya watu kabla hawajageuka. Yule mama wa viazi aliacha habari ya sketi. Alianza kuja na kigoda chake.

Lakini hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni. Mimi nilitoka magharibi, nikakaa katika nyumba za wafanyakazi, na kafyu ilinisumbua kama inzi anavyomsumbua mtu. Yeye alikuwa Mkikuyu wa hapo hapo. Watu wake walikuwa wametolewa mashambani mwao na kukusanywa katika kijiji chenye handaki pande zote na lango moja, na lango hilo lilifungwa jua likiwa bado juu. Aliyekutwa nje baada ya kufungwa hakuulizwa kama alikuwa anacheza mpira. Jumamosi tulitoka kazini saa sita, ndiyo, lakini timu nyingi tulizocheza nazo zilitoka mashamba ya kahawa upande wa Ruiru, na vijana wale hawakuweza kuondoka kabla kahawa haijapimwa. Bwana maendeleo alisihi huku na kule mpaka akapata mechi zianze mapema kidogo. Kidogo hicho kilimtosha rafiki yangu kucheza kipindi cha kwanza tu.

Basi kila Jumamosi ilikuwa vile vile. Filimbi ya mapumziko ikilia, alivaa koti lake juu ya jezi, akatuaga kwa mkono mmoja mmoja kama mtu anayetoka matangani, akaja kwangu mwisho.

"Wakini, mimi naenda," alisema. Wakini ni neno la Kikuyu la kumwita mtu wa rika lako, nami sikuwa wa rika lake wala wa kabila lake, lakini aliniita hivyo. "Hiyo ingine utaniambia Jumatatu."

Kisha alipanda baiskeli na kuondoka bila kugeuka.

Mtu huzoea. Bwana maendeleo alitutungia mchezo wa kuendana na lango lile. "Kipindi cha kwanza tunavuna," alituambia, "cha pili tunalinda ghala." Rafiki yangu hakuwa na haja ya kubakiza nguvu, kwa hiyo alikimbia mpaka akamaliza zote, nasi tukaweka vikapu vya akiba. Baada ya mapumziko tulimwingiza Mluo mmoja mrefu sana, mpole, aliyesimama chini ya pete na kunyoosha mikono, nasi tukamrushia mipira juu, juu kabisa, ambako hakuna mwingine aliyefika. Tulikuwa timu mbili ndani ya jezi moja. Tulishinda sana kwa njia hiyo, na nilijivuna, maana nilikuwa mmoja wa wachache waliocheza zote mbili.

Jumatatu saa nne, wakati wa chai, tulikaa juu ya marundo ya magome nami nikamsimulia. Hakutaka tu kujua nani ameshinda. Alitaka kujua mpira ulikuwa wapi, mimi nilisimama wapi, yule wa Ruiru mwenye kovu alifanya nini nilipomzuia. Alifumba macho. Mara nyingine alinikatiza: "Hapo ungenipatia mimi. Ningepita huku." Na kwa kuwa nilijua kusimulia, na kwa kuwa chai ilikuwa bado moto, nilimwacha apite huku katika simulizi. Aliniambia kwamba mama yake humuuliza kila Jumamosi jioni ni mchezo gani huu mtu anaucheza asijue kama ameshinda. "Nikamwambia, mama, mchezo haijaisha. Itaisha Jumatatu."

Tulicheka sana kwa hilo. Lakini siku moja, bila kicheko, aliniambia anachotaka. Hakutaka kikombe wala sifa. Alitaka acheze mechi moja mpaka mwisho, aisikie filimbi ya mwisho na masikio yake, akiwa amesimama uwanjani kama sisi wengine. Nilimwambia itakuja. Unamwambia mtu nini kingine?

Na ikaja. Amri zikaanza kulegea. Lango likaanza kuachwa wazi mpaka usiku, kisha ikawa si lazima tena kuomba ruhusa ya kwenda Ruiru. Kabla ya hapo, tulipokwenda kucheza Ruiru yeye alibaki. Sasa tulikuwa na mechi kubwa kule, dhidi ya vijana wa kahawa waliotushinda mwaka uliotangulia, na jina lake lilikuwa la kwanza kutajwa. Alipanda lori la kiwanda akiwa amevaa koti lile lile, akakaa kati ya miguu yetu, akatazama kila shamba la kahawa na kila mtaro njiani kana kwamba Ruiru ni ng'ambo. Mama yake alikuwa amemfungia viazi vya kuchoma. Alitugawia sote.

Kipindi cha kwanza alicheza kuliko siku zote. Watazamaji wa Ruiru, ambao walikuwa wakisikia habari zake tu, walianza kumshangilia dhidi ya timu yao wenyewe. Filimbi ya mapumziko ikalia tukiwa mbele sana.

Akachukua koti lake. Akalivaa. Akatuaga kwa mkono mmoja mmoja, akaja kwangu mwisho, akasema, "Wakini, mimi naenda," nami, Mungu wangu, nikampa mkono na kumwambia tutaonana Jumatatu. Hakuna aliyeshtuka. Bwana maendeleo alikuwa ameshamwita yule Mluo mrefu avue shati. Rafiki yangu alitembea mpaka ukingo wa barabara, akasimama, akatazama upande huu na upande ule akiitafuta baiskeli yake, ambayo ilikuwa Thika. Hapo ndipo alipokumbuka. Akageuka na kurudi polepole, na sisi tulipomwona anarudi tukakumbuka pia, tukaangua kicheko, uwanja mzima ukacheka, naye akacheka kuliko wote. Nilifurahi kumwona anacheka.

Lakini kipindi kilikuwa kimeanza, na nafasi yake ilikuwa na mtu. Kocha alimwambia akae kidogo, apumzike. Baadaye akamwingiza, akamtoa mwingine, kwa sababu yule mrefu hakuweza kutolewa. Ghala lote lililindwa na mikono yake. Ndipo mambo yalipoharibika. Rafiki yangu alikimbia kule alikozoea kukimbia, na hapakuwa na mtu aliyemtazama huko. Macho yetu yote yalikuwa juu, kwenye pete. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka, maana hakuwa ameacha nguvu yoyote. Hakuwa amewahi kuhitaji kuacha. Mara mpira ukawa kwangu. Alikuwa wazi kabisa, hatua chache tu, mikono usawa wa kifua, ananisubiri. Nilimwona. Na mikono yangu, ambayo kwa miaka ilishuka yenyewe mbele yake, ikarusha mpira juu, kama ilivyozoea katika kipindi hicho. Ulipita juu ya kichwa chake na kutoka nje.

Hakunilaumu. Alinitazama tu, akapangusa uso na jezi. Watu wa Ruiru walianza kutukaribia, kikapu baada ya kikapu. Baada ya muda mfupi aliinua mkono kwa kocha, akatoka mwenyewe. Alipopita karibu nami alisema kwa sauti ndogo, "Mimi ni mtu ya kipindi ya kwanza."

Tulishinda. Afadhali tungeshindwa. Filimbi ya mwisho ililia yeye akiwa ameketi kwenye nyasi, koti juu ya magoti, na watu wakambeba yule Mluo mabegani. Katika lori tuliimba njia nzima mpaka Thika. Yeye pia aliimba.

Jumatatu saa nne nilikwenda kwenye magome. Alikuwa ameshafika, ameshika kikombe chake, na mahali pangu palikuwa wazi kama siku zote.

"Haya," akasema. "Niambie."

Nikacheka. "Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo," akasema, akafumba macho, akangoja.

Nilikuwa na maneno ya kila mechi ila hiyo. Nilitazama chai yangu mpaka king'ora kikalia, tukainuka, tukashika ngozi huku na huku, tukairusha vizuri bila kosa lolote. Jumamosi iliyofuata hakuja uwanjani. Alisema ana palizi. Iliyofuata pia. Kisha watu wake wakapewa mashamba yao upya, akaacha kiwanda akaenda kulima, nami sikuwahi kupanda baiskeli kumtafuta, ingawa hakuwa mbali na hakukuwa tena na lango. Niliona haya. Kwa haya hiyo nilimpoteza mtu, na najuta mpaka leo, nikiwa nimerudi kwetu na magoti yasiyoweza hata kuruka kijito.

Siku hizi nikiwa peke yangu na chai yangu asubuhi, humsimulia mechi ile. Naanzia pale alipovaa koti. Namwambia kwamba tulimwita kabla hajafika barabarani. Namwambia yule mrefu aliketi. Namwambia mpira ulikuwa wapi, mimi nilisimama wapi, yule mwenye kovu alikuwa upande gani, na kwamba yeye alikuwa wazi, mikono usawa wa kifua, ananisubiri. Hapo huwa naweka kikombe chini. Kisha namshushia mpira.