Mapasa wa Alunguli: Safari ya Kutenganisha Kebo Mbili

Niliondoka Kisangani kwa hasira. Katika hospitali moja ya Alunguli, ng'ambo ya mto kutoka Kindu mjini, jembe lilikuwa limekata kebo ya faiba ya wodi ya wazazi, na mama mmoja akampoteza mtoto huku picha ya ekografia ya mtoto tumboni, iliyosubiriwa na daktari wa Kinshasa, imekwama njiani. Sasa walikuwa wamepata kebo mbili mpya. Kazi yangu ilikuwa kuzifunga zote mbili kwenye swichi, visanduku vya kugawa mtandao, zihesabike njia moja: zigawane mzigo, na moja ikikatika nyingine iendelee. Mkubwa wangu akasema nisubiri vita vipoe. Nisubiri! Vita vilinikuta shule ya msingi, na leo nina mvi. Nikafunga mkoba.

Kutoka Lubutu hadi Punia barabara ni jina tu. Pikipiki ilizama topeni, mimi na dereva tukaivuta, ikazama tena. Mimi nilikumbatia swichi kifuani, matope yakanipata mimi.

Punia nilipokewa na mama mmoja muuza samaki. "Unaenda Kindu na vita hii?" aliuliza.

"Vita haikuniuliza ilipokuja," nikamjibu. "Nami siiulizi."

Alicheka, akaniongezea wali na sombe, yale majani ya muhogo.

Kailo tulipita bila kupumzika, mvua ikitufuata mgongoni, na jioni nikaingia Alunguli. Fundi wa hospitali, Ramazani, alinionyesha kazi yake kwa fahari: kebo mbili, zimelazwa mtaro mmoja, zimefungwa pamoja kwa kamba kila hatua.

"Ndugu yangu, mbona pamoja?"

"Dada, hizi njo mapasa. Zilikuja siku moja, tukazilalisha mu shimo moja. Mapasa habatenganishwe. Ukiwatenganisha, mumoja atagonjwa."

Mapasa ni pacha, na kwetu pacha hawachezewi. Ukimpa mmoja muwa, mwenzake naye apewe. Ramazani hakuwa mjinga. Alikuwa amezitunza kebo kama alivyolelewa kutunza watu. Lakini jembe moja likishuka hapo, zote mbili zimekwenda. Nikaomba mtaro wa pili, upite nyuma ya jiko. Wachimbaji wakaweka sepeto chini. Nilibisha mpaka sauti ikanikauka, na hakuna aliyeinama.

Ndipo akatoka Mama Zaina, mkuu wa wakunga.

"Miye niko mama ya mapasa," alisema. "Wakati ya vita, risasi zilipoanza hapa, Hasani nilikimbia naye ku pori. Huseni nilimupa kaka yangu, akamupeleka njia ya Kailo. Batu walinitukana: we mama gani, unatenganisha mapasa! Nikawaambia, risasi moja haitanikulia batoto wote wawili."

"Na sasa wako wapi?" Ramazani aliuliza polepole.

"Wako wazima. Wote wawili wananisumbua mpaka leo." Akaokota sepeto. "Mukiogopa, nitachimba miye."

Hakuna mwanamume wa Alunguli anayeweza kusimama kumtazama mkunga aliyemzalisha mkewe akichimba. Mtaro ukachimbwa.

Kebo zilipokaa kila moja na njia yake, nikazifunga katika swichi za ncha zote mbili, ya wodini na ya chumba cha mtandao. Bila kufungwa hivyo, swichi ingetumia moja na kuiziba ya pili. Kisha picha ikatumwa, nami nikachomoa kebo moja mbele ya wote. Picha ikaendelea kwenda. Nilitaka kulia.

"Rudisha," Mama Zaina akaniamuru. "Sasa uchomoe na ile ingine. Mapasa wanatendewa sawasawa."

Nikafanya hivyo, na picha ikafika. Wauguzi wakapiga vigelegele.

Njia ya kurudi ilikuwa mbaya zaidi, na kwenye kizuizi kimoja watu wenye bunduki walinilaza chini. Sikuwashukuru kwa kuniachilia. Nilirudi nimejifunza jambo dogo: kebo mbili katika shimo moja ni kebo moja. Wanaotaka tukatike hawatapata kazi rahisi kutoka kwangu.

Nilikuwa nyumbani Kisangani Mama Zaina aliponipigia simu.

"Jembe limekata kebo tena, ile ya mu shimo ya zamani."

Nilisimama. "Lini? Kulikuwa na mzazi?"

"Alikuwako, na mutoto alikuwa amelala vibaya. Picha ilienda, daktari akajibu, tukamupasua." Nikasikia kitoto kikilia nyuma yake. "Kama ile kebo imekatika, tulijua tu baada ya mutoto kuzaliwa."