Chungu cha Mpakani

Miaka michache baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, nikiishi Walthamstow, London, na mama yangu, nilipata kazi ya kumpigia taipu padri mmoja mzee aliyestaafu. Alikuwa amehudumia kijiji kimoja mpakani mwa Uingereza na Wales, na sasa aliandika habari za kijiji hicho tangu zaidi ya miaka elfu moja nyuma, wafalme wa Kiingereza walipokuwa wakisogea magharibi na kuchimba handaki refu la kuweka mpaka.

Kazi ilikuwa nyepesi mpaka nilipofika ukurasa mmoja. Wataalamu wa mambo ya kale walikuwa wamefukua nyumba iliyoungua karibu na handaki. Juu ya mawe ya jiko walikuta chungu, ndani yake shayiri iliyogeuka makaa. Padri aliandika: "Baadaye wakazi walihama."

Vidole vilikataa. Kule Zanzibar, siku wanamapinduzi walipokuja kumchukua baba, mama alikuwa jikoni anapika wali. Sisi tulitolewa nje vile vile tulivyo, miguu mitupu. Baba hatukumwona tena. Hata London, mama hukaa weee, kisha ghafla huuliza: "Hivi ule wali nani aliuepua?"

Nikaandika: "Baadaye wakazi walifukuzwa."

Kesho yake padri aliligusa neno lile kwa kidole.

"Binti, mimi sikuandika hivi. Ushahidi uko wapi?"

"Anayehama huepua chungu chake, Padri," nikamwambia. Nikamsimulia yaliyotupata.

Alivua miwani, akanirudishia ukurasa.

"Liache," akasema.

Alifariki kabla ya kumaliza. Kurasa zake zilipelekwa kuhifadhiwa katika kanisa la kijiji kile, na neno langu limo.

Mwaka uliofuata nilipanda treni, kisha basi, nikaenda kukiona kijiji hicho. Handaki lilikuwa limejaa nyasi, na pale palipokuwa na nyumba hapakuwa na alama yoyote. Ilikuwa mchana kweupe, wala sikuwa na mtu, lakini nilihisi watu wamenizunguka, wamenyamaza kama wenyeji wanaotaka kujua mgeni ni nani.

"Hodi," nikajikuta nasema.

Nilisubiri pale mpaka nikakosa basi la kurudi.