Suti ya Kumzika Baba

Baba alifariki Jumatatu alfajiri katika hospitali moja ya Thika, akiwa mzee wa kutosha na amelala. Kufika saa nne asubuhi nilikuwa nimeshanunua daftari na kuandika kila kitu kilichotakiwa kufanywa.

Mimi ni kifungua mimba, na kwetu hicho ni cheo. Tena kwa desturi ya Wakikuyu nilipewa jina la nyanya, mama yake baba, kwa hivyo baba aliniita "maitu", yaani mama, tangu sijaota meno. Mama naye aliniita mama mkwe kwa utani. Kila nilipoanza kuamrisha watu, alisema "sawa, mama mkwe" na kuendelea na shughuli zake.

Acha nikueleze nilichojifunza, maana siku yako nayo itafika. Hospitali inakupa fomu ya taarifa ya kifo. Unaipeleka kwa ofisi ya usajili pamoja na kitambulisho cha marehemu, nao wanakupa kibali cha mazishi. Kitambulisho hakirudi, basi toa kopi kabla hujafika dirishani. Mimi nilitoa sita. Cheti cha kifo huja baadaye, nacho kiombe mapema, kwa sababu benki na ofisi ya ardhi hazijali machozi. Vijikaratasi vya ibada nilichapisha Ruiru, ninakoishi, nikamrudisha mchapishaji mara tatu kwa sababu ya picha iliyomfanya baba aonekane amekasirika. Baba hakuwa mtu wa hasira. Hasira ni zangu.

Nyumbani Ngoliba kazi ilijipanga yenyewe. Majirani walichukua kazi za jikoni, ndugu zangu wakasimamia kaburi pale shambani. Mama tuliambiana tumpumzishe. Akishika sufuria, mtu anaipokea. Akiinuka kwenda kwa kuku, anaambiwa akae tu, kuku wameshakula. Wa kwanza kumkalisha nilikuwa mimi, na nilidhani ninamheshimu.

Jumatano mchana aliniita chumbani akaniuliza nani atamvisha baba. Nikamwambia watu wa mochari, ndiyo kazi yao. Akauliza atavaa nini. Nikamletea suti, mpya kabisa, ya kijivu, kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Nilikuwa nimeinunua Thika kwa mzee mmoja Mhindi aliyewavisha nusu ya watu wa mji ule. Aliniomba nimletee suruali moja ya zamani ya marehemu apimie. Nikamjibu kwamba baba yangu namjua, kiuno thelathini na nane. Alinitazama juu ya miwani, akafunga mzigo bila kubishana na mfiwa.

Mama aliitandaza ile suruali kitandani, akapima kiuno kwa shibiri. Kisha akafungua kabati, akatoa suruali za baba moja baada ya nyingine na kuzigeuza ndani nje. Kila moja ilikuwa imekunjwa kiunoni na kushonwa kwa mkono, nyingine mara mbili.

"Ni miaka nimekuwa nikimpunguzia," akasema. "Hakutaka mjue."

Kweli sikujua. Nilikuwa nikimwona Krismasi na Pasaka, amevaa sweta na koti juu, na macho yangu yalikuwa bado yanamwona yule mwanamume aliyebeba gunia la mahindi begani huku akiniuliza habari za shule. Nilikaa kitandani nikalia, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Mama aliniacha nimalize.

"Nguo za huyu mtu nimezishika tangu niolewe," akasema. "Hii ya mwisho usininyang'anye."

Wanawake waliokuwa sebuleni walikataa. Mjane aende mochari kufanya nini? Ataugua, ataota. Wengine walisema kwa upendo, wengine kwa woga tu. Basi nikakitumia kile cheo changu kwa jambo la maana mara hii, nikawaambia kwamba mama ataenda, na atakayemzuia aje aongee na mimi. Hakuna aliyekuja. Nilimwambia mama ashone mapema, tukifika pale iwe ni kuvisha tu. Akaniuliza kama nataka ashone kwa kukisia kama mimi.

Alhamisi tulikwenda na sindano na uzi wa kijivu. Mhudumu wa mochari, mwanamume mpole mwenye sauti ya chini, alikuwa ameshamwosha baba, akatupa nafasi. Mama alimvalisha vesti, shati na soksi kama anayemtayarisha mtu aliyechelewa kanisani. Ile suruali ilipofika kiunoni, ngumi yangu nzima ingepita. Akaikunja, akaanza kushona akiwa amesimama, huku akiongea naye.

"Usione haya," akamwambia. "Mama yako amekununulia kubwa ndio ukue ndani yake."

Mhudumu aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Mimi nilicheka mpaka nikashika meza, na mama naye akacheka, akajidunga sindano, akamlaumu baba. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuwa na furaha mahali kama pale. Nilikuwa nayo, na sioni haya kuisema.

Alikata uzi kwa meno. Tukasaidiana kumvalisha koti, na nikadhani amemaliza, nikaanza kumweleza mhudumu saa tutakayokuja kesho na gari. Mama akanivuta mkono.

"Hivyo vifungo funga wewe," akasema.

Tangu Jumatatu nilikuwa nimebeba karatasi zake zote, nikazipeleka kugongwa mihuri, nikabishana juu ya picha yake. Yeye mwenyewe sikuwa nimemgusa. Nilifunga kifungo cha kwanza haraka haraka. Mama akaniambia nikifungue, nianze tena polepole.