Medali Niliyoidharau

Kwenye ploti yetu hapa Kianda naitwa Jenerali, na usidhani ni kwa heshima. Nina medali zaidi ya arobaini ndani ya kopo la biskuti, na hakuna hata moja niliyoitolea jasho. Kazi yangu ni kushona beji za sweta za shule. Nashona nikiwa nimekaa, nakula nikiwa nimekaa, na mbio zangu za mwisho zilikuwa za Fom Tuu, nikamaliza nyuma ya kijana aliyefungwa bandeji mguuni. Jirani yangu, mama anayekaanga omena mlangoni, akiniona nimetoka nje kuota jua huniuliza, "Jenerali, leo vita iko wapi? Kwa kiti ama kwa kitanda?"

Ugonjwa huu ulianza na koti la mtumba. Ndani ya mfuko nilikuta medali ya nchi ambayo haipo tena, na simu ikanieleza kwamba hizo walipewa wafanyakazi waliozeeka kazini bila kufukuzwa. Nikaona hawa ni watu wangu. Tangu siku hiyo nikajifunza kusoma rangi za utepe, kutofautisha mfalme mwenye taji na mfalme wa kichwa wazi, na kuchungulia ukingoni, kwa sababu huko ndiko Mwingereza alikuwa akiandika jina la askari kwa herufi ndogo sana. Pia nikajifunza kuwadharau wenzangu. Kuna mzee mmoja hapa ambaye kila baraza la chifu anaketi mstari wa mbele na medali tatu kifuani. Moja ni ya kumaliza mbio za kilomita kumi, ya pili ni ya kwaya, na ya tatu ni beji ya kofia ya zimamoto. Watu wanampisha. Mimi nabaki nyuma nikicheka peke yangu, kama mtu mwenye akili.

Chuo changu kilikuwa Kawangware 56, kwa jamaa wa skrapu. Jumamosi ndiyo siku pekee niliyokubali kuvaa viatu. Jamaa alikuwa akinitolea kitu kutoka kwa gunia la vyuma, nami nakunja uso.

"Hii takataka umetoa wapi?"

"Hiyo ni ya mzungu, Jenerali."

"Kwani mzungu hana takataka?"

"Sawa, wacha nifunikie sufuria nayo."

Hivyo ndivyo tulivyonunua na kuuza. Nikikitaka kitu kidogo, nakitukana kidogo. Nikikitaka sana, natema mate kando. Yeye alilijua hilo, nami nilijua kwamba analijua, na mwishoni tunacheka na ninaondoka na kitu changu. Nikadhani dunia nzima inanunua hivyo.

Sasa, mwenye ploti yetu ni bibi Mnubi. Wazee wake waliletwa hapa kutoka Sudan kama askari wa mkoloni, na sote tunamwita Haboba, kama wajukuu zake wanavyomwita. Alasiri moja alikuja mlangoni kwangu na kitambaa chenye fundo. Mjukuu wake wa kike alikuwa anaolewa, wageni walikuwa njiani kutoka Uganda, na sebule ilikuwa inapakwa rangi.

"Wewe umesoma mambo haya," alisema akifungua fundo. "Hii ilikuwa ya babu yangu. Nataka kuitia kwenye fremu. Niambie alifanya nini, niwaambie wageni."

Ilikuwa ya vita vya kwanza vya dunia. Silva. Upande mmoja mfalme wa kichwa wazi, upande wa pili mwanamume aliye uchi juu ya farasi. Utepe ulikuwa bado na rangi yake ya machungwa. Nikaigeuza ukingo kwenye mwanga wa mlango: namba, cheo, jina, kikosi. Nilikuwa nimeitafuta hiyo medali miaka minne. 

Kwa hivyo nikapiga mwayo.

"Huo upande wa farasi hauna adabu," alisema. "Sisi tulikuwa tunaugeuzia ukutani."

"Haboba, nisikudanganye. Hizi walipewa watu wote. Hata wapishi. Hata aliyelala kambini akingoja vita viishe."

"Kwa hivyo hakufanya kitu?"

"Alikuwepo tu."

Hebu fikiria ni nani alikuwa akisema hivyo. Nilijua vizuri kwamba ya silva walipewa waliobeba bunduki, na wapagazi wakapewa ya shaba. Lakini nilikuwa nimeshapata mwendo. "Ya maana hapo ni hiyo silva peke yake, na si nyingi. Lakini kwa vile ni wewe, naweza kuichukua ikae na hizi zangu."

Nikangoja. Pale 56, hapa ndipo muuzaji anakucheka na kukutusi kidogo, mazungumzo yaanze. Haboba alifunga fundo lake polepole.

"Ahsante, mwanangu. Afadhali umeniambia ukweli mapema. Ningejiaibisha mbele ya wageni."

Nilijua atarudi. Hata nikaitengea nafasi kwenye kopo. Sikumfuata kwa sababu mnunuzi anayemfuata muuzaji ameshashindwa, na pia, tuseme ukweli, kutoka mlango wangu hadi wake ni hatua thelathini na mimi sipendi hatua.

Siku mbili kabla ya harusi aliniita nimkunjie pindo za mapazia. Msumari wa ile medali ukutani ulikuwa mtupu.

"Ile kitu ya babu uliiweka wapi?" niliuliza, kama mtu asiyejali.

"Nilifanya vile ulisema."

Mjukuu alininyoshea mkono wenye hina. Alikuwa na bangili nyembamba, inang'aa. "Sonara aliyeiyeyusha alisema ni silva safi kabisa," alisema. "Asante, Jenerali. Bila wewe ingekaa tu hapo ikishika vumbi."

Haboba naye akafungua droo, akanitolea kipande cha utepe. "Hii nilikuwekea. Najua unapenda vitu vya ajabu."

Harusini nilipewa kiti cha maana, mimi mshauri. Mgeni mmoja, mzee wa Uganda, alimuuliza Haboba babu yao alifanya nini vitani. Akainua mabega. "Alikuwepo tu," akasema, kwa sauti yangu hasa. Jenerali akainamia sahani, akaongeza pilau.

Wiki ilipita kabla sijazitembea zile hatua thelathini. Nilimkuta Haboba akichambua mchele, nikamwambia yote nikiwa nimesimama: kwamba babu yake alibeba bunduki, na kwamba jina lake lilikuwa limeandikwa ukingoni.

"Jina gani?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuna aliyewahi kumsomea. Nikamtajia jina, namba, na cheo. Aliniomba nirudie. Nikarudia.

"Ulijua siku ile."

"Nilijua."

"Ulikuwa unaitaka."

"Ndiyo, Haboba."

Alitupa mawe mawili ya mchele uani. "Ungesema tu. Ningekupa. Nani mwingine hapa angeitunza?"

Akarudi kuchambua mchele wake. Kisha akasema, "Wewe si unashona? Basi shona."

Nikashona. Namba, cheo, jina, kwenye kitambaa cha sweta ya shule, na ule utepe juu yake. Ni kibaya, kinafanana na beji ya kiranja. Kimening'inia kwenye ule msumari, na kila Haboba akipata mgeni anamtuma mtu mlangoni kwangu, hata kama niko katikati ya beji mia. Lazima nivae viatu. Lazima nieleze mzee alibeba bunduki, na ya silva ilikuwa ya akina nani. Mgeni anatikisa kichwa kwa heshima, nami naanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Bado, Jenerali," anasema Haboba, akinimiminia chai. "Mwambie medali yenyewe iko wapi."