Nyoka Asiyekula Akitazamwa

Pale Tegeta, ukiingia dukani kwa Bi Jokha kununua mchele, usidhani utatoka na mchele tu. Utaulizwa umekula nini. Ukijibu kwamba umeshakula, utaulizwa saa ngapi, na jibu lolote utakalotoa utaletewa kibakuli. Atasimama mbele yako mpaka umalize, kisha atakuongezea bila kukuuliza. Wapo wateja waliohamia maduka mengine kuokoa matumbo yao, wakarudi wenyewe, maana mizani ya Bi Jokha haina mfano. Kilo yake ni kilo. Mwanawe Yazid alipokuwa mdogo akipima sukari, kidole chake kikigusa tu sahani ya mizani, alichapwa kofi la mkono na kuambiwa maneno mawili: "Toa kidole."

Huyo Yazid ndiye aliyemwachia nyoka.

Alimwokota kwenye kifusi cha nyumba aliyokuwa akiijenga na vibarua wenzake kule Wazo, kinyoka cha kahawia, cha aina ile isiyo na sumu inayoingia majumbani kufuata panya. Kwa wembamba wake akamwita Tambi, akamweka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko uliotobolewa. Baadaye akapata kazi Maskati kwa mjomba wake. Akaondoka na begi moja, ndoo akaiacha kwa mama yake. Bi Jokha, mjane, na huyo ndiye mwanawe wa pekee, alilia uwanja wa ndege, akalia kwenye teksi njia nzima. Alipofika nyumbani na kuikuta ile ndoo, akasema hata kilio chenyewe sasa kimeharibika.

Yazid alikuwa kijana wa maneno machache. Alipiga simu kila Ijumaa, na simu yenyewe ilikuwa hivi: hujambo mama, sijambo, umekula, nimekula, haya mama, salama. Bi Jokha alikuwa akiweka akiba ya maneno wiki nzima, simu ikikatwa anabaki nayo yote kifuani. Mpaka Ijumaa moja alipotaja, kwa kupitisha tu, kwamba Tambi anazidi kukonda na uti wa mgongo umemchomoza. Jioni ileile Yazid akapiga tena. Kesho yake akapiga, safari hii kwa video. Ngozi imekunjamana? Maji anakunywa? Mgeuze nimwone ubavu. Waliongea mpaka birika likakaukia jikoni. Bi Jokha ni mfanyabiashara, hesabu ile aliielewa upesi. Nyoka akifa, simu zinarudi kuwa za Ijumaa. Kwa hiyo Tambi ilikuwa lazima aishi, apende asipende.

Lakini yeye njia ya kumwokoa kiumbe alikuwa anaijua moja tu. Akampikia. Akampa maziwa yenye hiliki, akampa yai, akampa nyama ya kusaga aliyoiondoa pilipili kwa heshima ya mgonjwa. Alivuta kigoda akakaa mbele ya ndoo, mfuniko wazi, akisema, "Bismillah, kula baba." Kila baada ya muda mfupi alimtoa na kumbonyeza tumbo, kama anavyobonyeza embe sokoni, kuona kama kuna kilichoingia. Tambi akajikunja, akaficha kichwa, akazidi kukonda.

Demetria, mwanamke aliyemsaidia dukani, ambaye kwa mambo yote ya nyoka alizungumza akiwa mlangoni, alisema wazi kwamba nyoka anayekataa maziwa ya hiliki huyo katumwa. Mtaani nako maneno yakatembea. Ikasemwa Bi Jokha kaweka chuma ulete, nyoka wake anameza fedha za maduka ya jirani. Bi Jokha alipoyasikia hakukasirika. Alichosema ni kwamba kama ingekuwa kweli, huyu nyoka si angekuwa mnene.

Yazid akamwambia mama yake kwamba chakula cha Tambi ni panya, tena awe mdogo, asimzidi yeye unene. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Miaka yote Bi Jokha alipigana na panya kwa paka na kwa sumu. Sasa sumu akaitupa, isije ikamwua mgonjwa kupitia tumbo la panya, na paka akamgawa. Akangoja. Panya, kama waliosikia kwamba sasa wanatakiwa, wakahama wote.

Akaenda duka la pili, kwa Mwinjuma, muuza vyakula vya kuku. Ilikuwa mchana, wateja wamejaa. Akamwambia kwa upole wote, "Mwinjuma mwanangu, nigawie panya wawili watatu, wale wadogo wadogo. Kwako najua hawakosekani."

Mwinjuma aliapa mbele ya watu kwamba panya kwake hajawahi kukanyaga tangu duka lijengwe, na siku zilizofuata akawa anapita bila hata kutoa shikamoo. Bi Jokha aliumia kweli, kwani hakuona kosa lake. Yeye aliomba panya kama mtu anavyoomba chumvi. Kisha jioni moja Mwinjuma akaja kwa mlango wa nyuma na kopo la maziwa ya unga, limetobolewa juu, linakwaruzwa kwa ndani. Akasema hawa si wa dukani kwake, walikuwa wapita njia. Bi Jokha akampakulia pilau na akasimama mbele yake mpaka akamaliza.

Kati ya wale panya akachagua mkubwa kuliko wote, kwa kuwa mgeni hapewi kipande kidogo. Akamtia ndani ya ndoo akiwa mzima. Panya akakaa katikati, akanawa uso, akaanza kumfuata Tambi, na Tambi akawa anazunguka ukingo wa ndoo akitafuta pa kutokea. Siku hiyo Bi Jokha alimwokoa nyoka mikononi mwa panya.

Yazid aliposimuliwa alicheka mpaka akakohoa, kisha akatoa maagizo. Panya awe mdogo, tena ameshakufa. Ndoo iwekwe nyuma ya friji la soda, panapotoka joto. Ndani kiwekwe kifuu cha nazi ajifiche, na juu ya yote kanga, pawe giza. "Halafu mwache, mama," akasema. "Usimguse, usimchungulie, na usimwambie aongeze."

Bi Jokha akafuata yote isipokuwa la mwisho. Alifunika kanga, akakaa kando yake, na kila akisahau alijikuta kashika pembe ya kanga anachungulia. Panya akaharibika, Tambi hakula.

Kisha ikaja hitima ya ndugu yao mmoja Mabibo. Bi Jokha akamwekea Tambi panya mwingine, akaenda kushinda huko, na huko nako ikambidi ahakikishe kila mtu amekula. Aliporudi akakimbilia nyuma ya friji hata hajavua baibui. Panya hayupo. Tambi amelala ndani ya kifuu, na katikati ya mwili wake kuna uvimbe mzuri, umetuna. Alifurahi, alimshukuru Mungu kwa sauti. Furaha ilipotulia akajiona ameumia.

"Mgeni gani huyu," alimwuliza Yazid kwenye simu, "anangoja mwenye nyumba atoke ndipo ale?"

"Hata mie nilikuwaga nakula vizuri ukienda sokoni," akajibu Yazid.

Alisema kwa utani, lakini neno lile lilimkaa Bi Jokha. Kuanzia hapo akajifunza kuondoka. Akimwekea Tambi chakula alifunika kanga, akatoka kwenda kukaa barazani mikono mapajani. Kwa mama yule, kukaa bure wakati mtu anakula ilikuwa kazi nzito kuliko kubeba gunia. Tambi akala, akala tena, akavua ngozi, mgongo ukafunikwa nyama. Kila wiki alitiwa ndani ya foronya na kupimwa kwenye mizani ya dukani, Yazid akitazama, na kila wiki jiwe la mizani lilibadilishwa kwa jingine kubwa zaidi.

Mwishowe Yazid akasema huyu sasa amepona, mama, nimeshukuru sana. Simu zikaanza kupungua, na mwishowe ikabaki ile ya Ijumaa. Hujambo, sijambo, umekula, nimekula.

Bi Jokha alivumilia. Kisha Ijumaa moja akasikia mdomo wake unasema Tambi amekonda tena. Yazid akashtuka, akataka amwone kwenye mizani saa hiyohiyo. Foronya ikaletwa, Demetria akashika simu kwa mkono mmoja na mlango kwa mkono wa pili. Bi Jokha akaweka foronya, na kwa mara ya kwanza tangu afungue duka, kidole chake cha mwisho kikaingia chini ya sahani na kuinyanyua kidogo.

Yazid akasogeza uso kwenye kioo.

"Mama."

"Naam."

"Toa kidole."

Akakitoa. Sahani ikashuka na kugonga meza, Tambi na afya yake yote ndani. Demetria akageukia ukutani kumsitiri tajiri wake. Bi Jokha aliona aibu mpaka masikioni, akasema lililokuwa kifuani. "Akinenepa, hunipigii."

Yazid akamwambia, kwa kujikwaa, kwamba yeye maneno hajui pa kuyaanzia, na nyoka alikuwa akimwanzishia. Kisha akauliza, "Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Swali hilo, ambalo Bi Jokha ameiuliza Tegeta nzima, hakuwahi kuulizwa yeye. Tangu Yazid aondoke alipika kwa ajili ya wateja, naye akamalizia siku kwa chai na mkate, kwa sababu hapakuwa na wa kukaa naye. "Chai," akasema.

"Pakua wali," akasema Yazid. "Nakutazama hapa mpaka umalize."

Tambi akarudishwa kwenye kifuu chake. Demetria akapakua, akaiegemeza simu kwenye mizani, uso wa Yazid ukajaa kioo kizima. Kula mama, akasema. Chukua na samaki. Ongeza.

Tonge la kwanza lilikwama. La pili Bi Jokha akalizungusha mdomoni, halikuwa na njia. Akaitazama simu, akaitazama ndoo nyuma ya friji. Akanyanyuka, akaondoa kanga juu ya ndoo ya Tambi, akaja akaifunika simu.

"Usikate," akamwambia mwanawe. Akarudi kwenye sahani yake, akala.