Kilti Iliyodondoka Harusini

Nalisema mwenyewe kabla hamjasimuliwa. Mie fundi cherehani hapa Hamriya. Kuna bendi ya harusi inayopiga zumari za mfuko, na wapigaji huvaa kilti, zile sketi za kiume za Kiskoti. Nusu nimeshona mie, nusu kashona Nassor, fundi wa duka la pili. Basi kila siku nasikia Nassor, Nassor! Sufu yake haichakai, marinda yake yamesimama, mikanda yake ya ngozi na bizimu inashika. Roho ikiniuma hadi chai hainipiti. Zangu nilizifunga kwa velkro, ule utepe wa kunatana, ili nimalize kabla yake. Na ndani ya kiuno nikatarizi jina langu, kama ninavyotarizi kofia.

Juzi tumealikwa harusi Ghubra, mie na yeye. Bendi ikaingia, na mara kilti ya mpiga ngoma ikadondoka chini. Alhamdulillahi, alivaa kaptura. Mie, bila hata kuitazama ni ya nani, nikapanda juu ya kiti kwa furaha.

"Mnaiona kazi ya Nassor? Kufuliwa mara mbili tatu tu, imeachia!"

Kiongozi wa bendi akaiokota. Velkro imejaa nyuzinyuzi, hainati tena. Akaigeuza ndani, akasoma kwa sauti mbele ya wanaume wote: "Fundi Hemedi, Hamriya."

Nassor akainuka, akanishikia kiti.

"Shuka taratibu, ndugu yangu," akasema. "Usije ukadondoka na wewe."