Nilivyoizima Bendi ya Wazee

Jamani, acheni nijicheke mwenyewe kwanza, ndipo mnicheke ninyi. Jumapili mchana bendi kongwe ya roki ilikuja kupiga hapa kijijini kwetu Liuli, kando ya ziwa. Wazee watupu, nadhani hata ziwa limewakuta wanapiga gitaa. Mwimbaji wao hana meno ya mbele, lakini akiruka utadhani kakanyaga moto. Mke wangu Anna akaenda mbele, akamfuta jasho kwa kitenge nilichomnunulia mimi! Mimi nikitoka shamba nimelowa kama samaki, hajawahi kunifuta hata pua.

Wivu ukanipanda mpaka kwenye nywele. Nikazunguka nyuma ya jukwaa, nikachomoa waya kwenye jenereta. Magitaa kimya. Nikajua wamekwisha.

Wapi! Mpiga dramu akazidi kutwanga. Yule mzee mwimbaji akashuka jukwaani huku anaimba kwa koo lake tu, akaufuata ule waya, watu wote wanacheza nyuma yake, Anna wa kwanza, mpaka wakanifikia. Waya ninao mkononi.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Jamani, huyu ni wa nani?"

Anna akanitazama juu mpaka chini. "Mimi simjui, baba. Wewe endelea kuimba."